Somo la Kamati: Mashirika Mengi, Watu Walewale

Neno la kusoma kabla ya kikao: Kutoka 18:13-27, Matendo ya Mitume 6:1-7



Katika masomo yaliyopita tulizungumzia uandishi wa andiko la mradi na utunzaji wa vitabu vya fedha. Safari hii naomba tuangalie jambo ambalo haliandikwi kwenye andiko lolote, nalo ni watu wa kukaa kwenye kamati. Katika mji mdogo fedha zinaweza kutafutwa, saruji ikanunuliwa, na fundi akaletwa kutoka mkoani. Lakini mtu anayeaminika na majirani, anayejua kuandika muhtasari na kutunza leja, na anayeweza kuacha shamba lake siku ya kikao, huyo hapatikani kwa wingi. Na kila shirika linaloingia mjini linamtaka huyo huyo.

Jambo hili nilijifunza kwa aibu. Mwaka 2014 ofisi yetu ilipata fedha za kuchimba visima katika mji mmoja mdogo wa dayosisi yetu. Sitautaja kwa jina, maana wahusika wapo na wanasoma jarida hili. Ni mji wa kando ya barabara ya lami, wenye mnada wa ng'ombe mara moja kwa mwezi, mashine za kukamua alizeti, kituo cha afya, shule, misikiti miwili na makanisa sita. Mkataba na mfadhili ulidai iundwe kamati ya mradi yenye wajumbe kumi na wawili, nusu wakiwa akina mama. Nilikwenda kwa mtendaji, na ndani ya saa moja nilikabidhiwa majina yote kumi na mawili, yameandikwa vizuri na kupigwa mhuri. Nilifurahi. Nikaandika kwenye ripoti yangu kwamba mwitikio wa jamii ni mkubwa.

Baada ya semina ya siku mbili nilikwenda nyumbani kwa mama aliyechaguliwa kuwa mtunza hazina, ili nimwelekeze kitabu cha mapato na matumizi. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nilieleza kwa muda mrefu kidogo, kama tulivyozoea sisi wa ofisini. Aliponiacha nimalize aliingia ndani, akatoka na kiroba, akamimina madaftari juu ya mkeka. Lilikuwepo la kikundi cha kuzikana, la VICOBA, la idara ya wanawake usharikani, la kamati ya shule, la watoto walio katika mazingira hatarishi, na la mradi wa mbuzi wa maziwa ulioletwa na shirika jingine.

"Mwanangu," akasema, "hii yenu ni ya saba."

Mimi nilicheka. Nilidhani anajisifu. Kwenye ripoti nikaongeza sentensi moja, kwamba mtunza hazina ana uzoefu wa kutosha.

Kisima kilifanya kazi vizuri kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, kisha bomba likaanza kutoa maji kidogo kidogo, na hatimaye likasimama. Bomba lenyewe lilikuwa la mkono, aina ya Afridev. Wasiolifahamu wajue kwamba bomba hili lilibuniwa miaka ya 1980 kwa kusudi maalumu, yaani watumiaji wenyewe waweze kulirekebisha. Spana moja inatosha kulifungua, na kinachoharibika mara nyingi ni raba ya pistoni, kifaa kidogo kisicho na bei kubwa. Raba za akiba tuliziacha pale. Spana tuliiacha. Fedha za matengenezo zilikuwepo, maana kila kaya ilikuwa imechanga. Hata hivyo kisima kilisimama wiki saba.

Nilipofika kuuliza nilijibiwa kwa upole mkubwa. Kamati haikuwa imekutana kwa miezi mitano kwa sababu akidi haikutimia. Kila ilipoitwa, wajumbe walikuwa kwenye semina ya shirika lingine, na ile ilikuwa na posho, ya kwetu haikuwa nayo. Kijana tuliyemfundisha ufundi wa bomba alikuwa amechukuliwa na mradi wa vyoo kuwa mhamasishaji, akawa kata ya jirani. Funguo za sanduku la vifaa alikuwa nazo mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa pia katibu wa kamati nyingine mbili. Na mama yangu wa madaftari alikuwa na fedha zetu zote, shilingi kwa shilingi, zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya daftari letu. Hakuna aliyemwambia azitoe, na yeye peke yake hakuwa na mamlaka ya kuzitumia.

Kwa wiki saba hizo akina mama walirudi korongoni kuchimba mchanga. Kwenye kituo cha afya, mjamzito aliyekwenda kujifungua aliambiwa aje na ndoo yake ya maji. Hili la ndoo ndilo lililonifanya nisilale vizuri kwa siku kadhaa, kwa sababu wodi ile ya wazazi tuliiandika kwenye andiko letu kama mnufaika wa kwanza.

Sasa tufungue Kutoka sura ya 18. Yethro anamtembelea mkwewe Musa na kumkuta ameketi tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri, na watu wamepanga foleni. Musa anaona hiyo ni kazi ya Mungu, na kweli ilikuwa hivyo. Yethro anaona jambo jingine. Anaona mzee mmoja anayechoka, na watu wanaochoka kumsubiri. Tazameni kwamba Yethro hakumlaumu Musa kwa uvivu wala kwa tamaa, bali alitazama mpangilio wa kazi na kuona kwamba wote wawili, Musa na watu, wataangamia kwa uchovu. Nawaomba mkisoma kifungu hiki msiharakishe kufika kwenye ushauri wa kuweka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Kaeni kwanza pale kwenye foleni. Kila usharika una foleni yake.

Katika mji wetu tulianza kwa kuhesabu. Tuliwaita watu mbalimbali kwenye darasa la shule, wakiwemo wazee wa kanisa, imamu, mtendaji, mwalimu mkuu, na vijana wa bodaboda ambao awali hawakuelewa wameitiwa nini. Tulibandika karatasi kubwa ukutani. Upande wa kushoto tukaandika kila chombo kisichotafuta faida kinachohudumia mji ule, na mbele yake majina ya viongozi wake.

Hapa nitoe tahadhari kwa wale watakaorudia zoezi hili. Mkiambiwa mtaje mashirika, watu wataanza na yenye vibao barabarani na magari. Hayo ni machache. Kuna vyombo ambavyo sheria au miongozo ya serikali inavitaka viwepo, kama kamati ya shule, kamati ya usimamizi wa kituo cha afya, kamati za kudumu za halmashauri ya kijiji, na tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, chombo cha watumia maji ngazi ya jamii kinachofanya kazi chini ya usimamizi wa RUWASA. Kuna vya dini, vya kwetu na vya wenzetu. Kuna VICOBA. Halafu kuna vile ambavyo hakuna anayekumbuka kuvitaja kwa sababu viko karibu mno, yaani kikundi cha kuzikana, kwaya, umoja wa wastaafu, wazazi wanaochangia uji wa shuleni.

Kikundi cha kuzikana nakiheshimu kuliko vyote. Hakina kibao, hakina akaunti benki, hakijawahi kuandika mpango mkakati. Kina masufuria, maturubai, viti vya plastiki na daftari. Msiba ukitokea saa nane usiku, alfajiri turubai limesimama. Mara nyingi nimetamani miradi yetu ya dayosisi ifanye kazi kwa haraka ile.

Tulipomaliza orodha tukachukua kalamu nyekundu na kuzungushia kila jina lililojirudia. Karatasi ikawa nyekundu. Watu walicheka mwanzoni, kisha darasa likanyamaza. Yule mama wa madaftari alikuwa na miduara saba. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa na zaidi yake. Wapo watu katika mji ule, tena wengi, ambao majina yao hayakuonekana hata mara moja.

Fanyeni na hesabu ya siku. Chukueni mtu mmoja aliye kwenye kamati sita. Kila kamati ikutane mara moja kwa mwezi kwa nusu siku, hizo ni siku tatu kwa mwezi, au tisa kwa robo mwaka. Kila shirika limwite kwenye semina ya siku mbili kwa robo, hizo ni siku kumi na mbili. Jumla ni siku ishirini na moja ndani ya miezi mitatu, kabla hajatembelea mlengwa hata mmoja wala kuandika ripoti yoyote. Ikiwa robo hiyo ni ile ya kupalilia, tunamwomba mtu huyo achague kati yetu na chakula cha watoto wake. Halafu tunaandika kwamba wajumbe hawana moyo wa kujitolea.

Lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu tukiuficha tutakuwa tunadanganyana. Wapo wanaoelemewa na viti, na wapo wanaovikumbatia. Posho ya kikao ni fedha halali, na kwa mstaafu ambaye pensheni yake haimfikishi mwisho wa mwezi ni msaada mkubwa. Lakini mtu akishazoea kuwa kwenye kila orodha, anakuwa mlango ambao kila shirika linapita, na anaamua nani aingie naye. Nimeona majina ya kamati yakiandikwa kwa ukoo. Nimeona pia kijana aliyemaliza kidato cha nne akiambiwa asubiri ukubwa, na anayemwambia hajawahi kujifunza kutumia hata kikokotoo cha simu.

Ndiyo maana tumeweka kifungu cha pili, Matendo sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na mradi wa chakula kwa wajane, na mradi ule ukaleta manung'uniko. Wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume kumi na wawili wangeweza kuongeza kazi hiyo juu ya kazi zao, kama ambavyo tungefanya sisi. Badala yake waliita mkutano wa wote na kuwaambia wachague watu saba. Someni majina yao polepole: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Wafafanuzi wengi wa Biblia wanaona hapo kwamba waliochaguliwa walitoka upande ule ule uliokuwa unalalamika. Mimi naongeza jambo dogo la kiofisi, kwamba hakuna hata mmoja kati ya saba aliyekuwa kwenye orodha ya wale kumi na wawili. Mradi mpya ulipata watu wapya.

Baada ya lile zoezi la karatasi nilikuwa na hamu ya kuunganisha kila kitu. Nilitaka kamati moja ya maendeleo ya mji, mwenyekiti mmoja, akaunti moja. Imamu ndiye aliyenituliza. Aliuliza, kwa adabu, mhuri wa kamati hiyo utalala nyumbani kwa nani. Hatukuwa na jibu. Kamati nyingi dhaifu ni tatizo, lakini kamati moja yenye kila kitu mfukoni mwa mtu mmoja ni tatizo kubwa zaidi, na ni gumu kulitibu. Isitoshe, vyombo vilivyowekwa kisheria haviunganishwi kwa mapenzi yetu. Huwezi kuifanya kamati ya shule kuwa kamati ya maji.

Vinavyoweza kupunguzwa ni vile tulivyovizalisha sisi wenyewe wa miradi. Serikali imewahi kutuonyesha njia. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22 uliunganisha mipango kazi minane iliyokuwa ikienda kila mmoja kivyake, na ukaelekeza ziwepo kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia taifa hadi kijiji. Utekelezaji unatofautiana kati ya mahali na mahali, lakini wazo ni jema, yaani kazi zinazofanana ziwe mezani pamoja. Shirika jipya linapokuja na mradi wa watoto, lipelekwe kwenye kamati hiyo na lisiruhusiwe kuanzisha nyingine kwa jina tofauti.

Katika mji wetu tulikubaliana mambo machache. Mtu mmoja asishike uongozi katika vyombo zaidi ya viwili, na katika kimoja tu kati ya hivyo awe mshika fedha. Kila mtunza hazina awe na msaidizi aliye chini ya miaka thelathini na tano, anayeandika daftari kwa mkono wake mwenyewe huku mkubwa akitazama. Kalenda moja ya vikao ibandikwe kwenye ofisi ya mtendaji, na shirika linalotaka semina liangalie kalenda kwanza. Kuhusu funguo tuliiga VICOBA. Wanachama wa VICOBA wanajua kwamba sanduku lao lina kufuli tatu na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, hivyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake, na likifunguliwa linafunguliwa mbele ya wote. Sanduku la spana na raba halihitaji kufuli tatu. Tulilipatia funguo mbili zinazofanana, moja ikakaa kwa muuza duka jirani na kisima.

Hayakutekelezwa yote. Kanuni ya viti viwili ilivunjwa ndani ya mwaka na mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumkatalia, nami nilikuwa mmoja wa waliokaa kimya. Kalenda ndiyo iliyodumu, kwa sababu ilimsaidia mtendaji mwenyewe.

Sasa nizungumze na ninyi ndugu wafadhili, kwa heshima na shukrani. Sharti la kuunda kamati mpya linatoka kwenu, au linatoka kwetu tukidhani ninyi mnalitaka. Nia yake ni njema, kwani mnataka fedha zenu zionekane zilipokwenda. Lakini hilo linaweza kupatikana kwa daftari tofauti na wawekaji sahihi waliokubaliwa, ndani ya kamati iliyopo. Tunaomba fomu zenu za maombi ziwe na swali moja la ziada: ni chombo gani kinachofanya kazi hii sasa, na viongozi wake wana majukumu mengine mangapi? Nasi waratibu tutalazimika kwenda kuuliza kabla ya kujibu. Tunaomba pia mkubali kwamba miezi ya kupalilia na kuvuna haina semina, hata kama robo ya fedha inaisha.

Ombi hili lina uzito zaidi baada ya yale ya mwaka 2025. Mwezi Januari mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika la USAID likawa limefungwa. Sharika nyingi mnafahamu majirani waliopoteza ajira na huduma zilizokatika. Katika mji wetu ofisi mbili zilifungwa milango, na vibao vyake bado vimesimama barabarani. Kamati zilizoundwa kwa ajili ya miradi ile hazikukutana tena. Hata hivyo akina mama watatu waliokuwa wakiwatembelea wagonjwa majumbani wanaendelea kuwatembelea, kwa sababu walitumwa na VICOBA yao wenyewe kabla ya mradi kuwakuta, na kikundi hicho bado kinakutana kila Jumanne.

Kwa kikao cha robo hii, kila kamati ya usharika ifanye lile zoezi la karatasi na kalamu nyekundu. Alikeni na wasio wa usharika wetu, maana kisima hakiulizi dini ya mtu. Msianze bila mtendaji. Mkimaliza, jadilini nani kati ya wenye miduara mingi angependa kupumzika, na mwulizeni mwenyewe badala ya kumwamulia. Jadilini pia ni nani asiye na mduara hata mmoja, na kwa nini. Swali hili la pili litachukua muda mrefu, kwa hiyo msiliweke mwisho wa ajenda watu wakiwa wameshaanza kuangalia jua.

Karatasi yenyewe msiitume dayosisini. Ibandikeni ofisini kwenu, na mratibu yeyote atakayekuja na mradi mpya, nikiwemo mimi, mwonyesheni hiyo kabla ya kumpa kiti.